Uliza Mtaani Kabla ya Kununua Kufuli

Kama una simu na unaishi Tanzania, ujumbe huu umeshakufikia, au umemfikia mtu wa nyumbani kwako: "Mimi baba mwenye nyumba wako. Simu yangu ina shida, ile kodi nitumie kwenye namba hii, jina litakuja la fulani." Wengi huusoma, wakacheka, wakaufuta. Wana nyumba zao, au mwenye nyumba wao ni mama anayeishi chumba cha mbele na hana haja ya kuandika ujumbe, anagonga mlango tu. Lakini aliyeutuma hakuwa na shida na hao. Ameutuma kwa namba nyingi asizozijua, akiwa na hakika ya jambo moja: siku yoyote ya mwaka yupo mpangaji ambaye kodi yake imeisha jana, amemwahidi mwenye nyumba kwamba atatuma leo jioni, na saa hii amebanwa kwenye daladala, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine kwenye simu. Huyo hatauliza. Atatuma, kisha atashukuru Mungu deni limepungua.

Ujumbe wenyewe ni mfupi ila umepangwa. Kila kitu ambacho kingemshtua msomaji kimeshatolewa jibu kabla hajauliza. Namba ni ngeni? Simu ina shida. Jina ni geni? Ameambiwa litakuja la fulani. Mitandao ya simu humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla hajaweka namba ya siri, na hicho ndicho kizuizi cha mwisho alichonacho. Tapeli anakivunja kwa maneno matatu manne.

Nimeanza na utapeli huo mdogo kwa sababu mkubwa wote unafanana nao. Anayepangishwa chumba hewa, anayeibiwa televisheni mchana kweupe, anayempa kijana pikipiki ya mkataba asiione tena, wote mara nyingi wamekwama mahali pamoja: walikubali jambo peke yao, kwa haraka, bila kumuuliza mtu wa pili. Sisi tunatumia fedha nyingi kwenye nondo, kufuli na nyaya za umeme juu ya ukuta. Sisemi ziondolewe. Nasema zinakuja nyuma ya maswali, na maswali ni bure.

Tuanze na kupanga, maana hapo ndipo pesa nyingi huondoka kwa mkupuo. Chukua chumba na sebule cha shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka ya miezi 6, hiyo ni 900,000. Dalali, kwa desturi ya Dar es Salaam, anataka kodi ya mwezi mmoja. Umefika 1,050,000 kabla hujalipa kirikuu cha kuhamisha vyombo. Mtu anayezunguka na fedha kiasi hicho, amechoka kutafuta, na anatakiwa atoke anapoishi kabla ya tarehe fulani, ni windo zuri.

Udalali ni kazi halali na wapo madalali waliojenga jina kwa uaminifu. Tatizo ni wale ambao biashara yao si kupangisha, ni kuonyesha. Anakutoza 10,000 au 20,000 ya kukuonyesha, anakuzungusha Sinza, Kinondoni na Tabata kwenye vyumba ambavyo kimoja kina mtu tayari, kingine hakina choo, cha tatu mwenye funguo hayupo. Jioni umechoka, yeye amepata ya siku. Dawa ya huyu ni ndogo: kubalianeni kwamba malipo yake yote yanakuja siku ya kusaini mkataba. Akikataa katakata, mwache.

Hatari zaidi ni yule anayekuonyesha nyumba nzuri kweli, yenye funguo kweli, na bei inayokufanya uone una bahati. Huyu amepanga mwenyewe nyumba hiyo kwa muda mfupi, au alikuwa msimamizi akafukuzwa akabaki na ufunguo wa akiba. Anajifanya mwenye nyumba, au mtoto wa mwenye nyumba, au msaidizi wa mzee aliyeko Dodoma kikazi. Anachukua kodi ya miezi 6 kwa mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wote anawapa tarehe moja ya kuhamia. Siku hiyo virikuu vitatu vinakutana getini na magodoro juu, na simu ya "mwenye nyumba" haipatikani.

Wa kumuuliza wapo, na hawako mbali. Rudi kwenye nyumba ile bila dalali, siku nyingine, ikiwezekana jioni watu wakiwa wamerudi kazini. Kama ina wapangaji wengine, waulize swali moja tu: kodi mnamlipa nani? Wakitaja jina lile lile uliloambiwa, umepiga hatua. Wakitazamana, umeokoa milioni. Kama nyumba ni ya peke yake, nenda dukani kwa Mangi aliye karibu, nunua soda, kaa. Mwenye duka la mtaa anajua nyumba ni ya nani, nani amehama na kwa nini, na kama mwezi uliopita kuna mtu mwingine alikuja na vyombo akarudi navyo. Utasikia pia habari za maji kukatika na mafuriko ya masika, mambo ambayo dalali hakukugusia.

Kisha serikali ya mtaa. Watu wengi huenda ofisini kwa mwenyekiti baada ya kuibiwa, nenda kabla. Mwambie unataka kupanga nyumba fulani na unaomba kujua mmiliki anayetambulika. Muombe mpangishaji akuonyeshe karatasi zenye jina lake: hati au leseni ya makazi kama ipo, ankara ya maji, kitambulisho cha NIDA. Najua nyumba nyingi za uswahilini hazina hati, na mwenye nyumba halali anaweza kukosa karatasi nzuri huku tapeli akawa nazo zote, zimechapwa vizuri kwenye vibanda vya steshenari. Ndiyo maana karatasi peke yake haitoshi. Karatasi, majirani na ofisi ya mtaa vinatakiwa vitaje jina moja.

Kuna jambo ambalo halitajwi sana nalo huwaumiza wapangaji wasio na kosa: nyumba ya urithi. Mzee amefariki, watoto wako watano, mmoja anaishi pale na anapangisha kama yake. Unalipa mwaka mzima, mwezi wa tatu wanakuja ndugu wanne na barua. Ukisikia marehemu popote katika maelezo ya umiliki, uliza nani msimamizi wa mirathi na uone barua ya uteuzi kutoka mahakamani. Mkataba usaini na huyo, si na anayeshika funguo.

Pesa ilipwe kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye mkataba. Mkataba uwe wa maandishi, wenye mashahidi wa pande mbili, na ofisi ya mtaa iujue. Usitoe "ya kushikia chumba" kwa mtu ambaye hujamwona, kwa nyumba ambayo umeiona Instagram tu. Picha za nyumba nzuri huchukuliwa popote. Na siku unayokabidhiwa funguo, kabla hujapanga kitanda, badilisha kitasa. Hujui waliokutangulia walichonga funguo ngapi. Kazi yenyewe ni bisibisi na nusu saa, lakini wapangaji wengi hawaifanyi hadi waibiwe bila mlango kuvunjwa, ndipo waanze kuwashuku majirani.

Wenye nyumba nao wasikae wakidhani haya yanawahusu wapangaji tu. Unayempangisha bila kujua anakofanya kazi wala ndugu yake hata mmoja, umewaingizia hatari wapangaji wote waliopo. Chukua nakala ya kitambulisho, namba za ndugu wawili uzipige mbele yake, na mpeleke kwa mjumbe aandikwe kwenye daftari la wakazi. Anayekasirika kwa hilo ana sababu yake.

Sasa nyumba yenyewe. Sheria ya Tanzania inaona kuvunja nyumba usiku ni kosa zito zaidi: kifungo chaweza kufika miaka 20, wakati kuvunja mchana ni hadi 14. Watunga sheria wana sababu zao. Ila nyumba ya mume na mke wanaofanya kazi, watoto wako shule, iko tupu saa nne asubuhi, na kelele za mtaa wakati huo zinafunika hata nyundo. Mtu mwenye ovaroli na ngazi hakuna anayemuuliza. Kwa hiyo usilinde usiku tu.

Mwizi wa nyumba huanza na habari. Anataka kujua nani yupo, lini hayupo, na ndani kuna nini. Habari hizo tunazitoa wenyewe. Boksi la televisheni mpya linawekwa nje kando ya pipa la taka, limesimama wima, inchi zimeandikwa. Fundi wa king'amuzi anaachwa azunguke vyumba vyote akitafuta njia ya waya. Kisha ifike Desemba, mji upungue, watu waelekee Moshi na Bukoba (Wachaga tunawatania kwamba wanakwenda kuhesabiwa), na kila mmoja aweke picha ya basi au ya mbege kwenye statasi ya WhatsApp. Una namba ngapi kwenye simu yako za mafundi, wauza mkaa na watu uliowahi kufanya nao biashara mara moja? Wote hao wanaona kwamba familia nzima iko Rombo hadi mwaka mpya. Picha ziweke ukisharudi. Na kabla ya kuondoka mwachie ufunguo ndugu au jirani unayemwamini alale pale hata siku chache, awashe taa, aanike nguo. Nyumba yenye nguo kwenye kamba ina watu.

Kwa usiku, wizi wa kawaida kabisa mijini hauhitaji kuvunja chochote. Ni wizi wa upondo: fimbo ndefu yenye kulabu inapitishwa dirishani, inavuta suruali yenye pochi, mkoba, kompyuta iliyoachwa mezani, simu iliyowekwa kwenye chaji chini ya dirisha. Joto la Dar linatulazimisha kulala madirisha wazi, na nondo hazizuii fimbo. Basi weka wavu mgumu wa chuma nyuma ya nondo, au angalau panga chumba upya: chaji ya simu, mikoba na funguo za gari vikae upande wa mbali na dirisha. Funguo hasa. Wapo walioamka wakakuta suruali ukutani nje na gari halipo.

Nondo zenyewe zina ubaya wake. Mwizi mwenye jeki ya gari huzipanua kimya kimya zikiwa nyembamba au zimechomelewa nukta tu, kwa hiyo mwambie mchomeleaji apitishe vyuma vya ulalo karibu karibu. Lakini usigeuze nyumba kuwa jela. Ukitokea moto, mlango ukawa hauendeki, nondo zilizomzuia mwizi zitakuzuia wewe na watoto. Dirisha moja la chumba cha kulala liwe na nondo za kufunguka kwa bawaba na kufuli, na kila mtu wa nyumba ajue ufunguo ulipo, pasipofikika kwa fimbo. Zimamoto ni 114.

Walioko Goba, Madale, Chanika na kwingine kunakojengwa sasa wana shida ya aina yao. Umehamia nyumba haijaisha, jirani wa karibu yuko mita mia, katikati ni majani na msingi wa mtu aliyeishiwa fedha. Ukuta umekuwa mrefu kiasi kwamba jirani unamtambua kwa honi ya gari lake tu. Ukuta huo unamzuia mwizi kuingia, lakini akishaingia unamficha. Afadhali ukuta wa wastani wenye matundu ya kuonea kuliko ngome ambayo ndani yake mtu anaweza kufanya kazi saa nzima asionekane. Nondo, nyaya na milango usirundike saiti wiki mbili kabla fundi hajaja kuvifunga. Na mlinzi wa saiti unayemlipa miezi miwili nyuma, usishangae saruji ikipungua.

Hilo la malipo linamhusu pia dada wa kazi. Mwizi humtongoza au humtisha yeye kwanza, maana ndiye anayejua nyumba. Ujue kwao, uwe na namba ya mzazi wake, umwambie wazi kwamba hakuna fundi wala mgeni anayeingia bila wewe kupigiwa simu, hata akisema "mama amenituma". Halafu mlipe kwa wakati na uongee naye vizuri. Anayeheshimiwa hukuambia kwamba kuna kijana amemuuliza mara mbili baba anarudi saa ngapi.

Mwaka 2022, magenge ya vijana yaliyopewa jina la Panya Road yalipovamia nyumba Dar es Salaam, mitaa mingi ilikumbuka ghafla ulinzi shirikishi. Vijana waliandikwa, filimbi zikanunuliwa, kila kaya ikatoa mchango. Hofu ilipopoa, michango nayo ikapoa. Wasukuma na Wanyamwezi walioanzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa na faida moja tuliyoipoteza mjini: kila mmoja alimjua mwenzake na ukoo wake. Doria ya watu wasiojuana hukamata wapita njia. Kwa hiyo anza na jambo dogo kuliko doria. Nyumba nane au kumi zipeane namba za simu, zikubaliane ishara moja ya hatari, na mtu akiona kirikuu kinapakia vyombo vya jirani amuulize jirani kwa simu, "Unahama?" Jibu likiwa hapana, mtaa mzima utoke.

Magari. Mjini mara nyingi haliibwi gari zima, vinaibwa vioo vya pembeni, taa na swichi za madirisha, vikauzwe kama vipuri vya mitumba. Ndiyo maana vijana barabarani huchora namba ya gari kwenye vioo na taa. Waache wachore. Haipendezi, lakini kioo chenye namba yako ni kigumu kuuza. Kadi halisi ya gari usiiache ndani ya gari; anayeiba gari lenye kadi amepewa na hati ya kuuzia. Ukifunga kwa rimoti kwenye maegesho, vuta mlango kwa mkono uone umefunga. Kwa fundi wa gereji au kuosha gari, toa ufunguo wa gari peke yake, si shada zima lenye wa nyumba. Na ujue kwamba bima ndogo, ile ya lazima, inamlipa uliyemgonga. Gari likiibwa haikulipi kitu. Kwa wizi unahitaji bima inayotaja wizi.

Ukinunua gari au pikipiki, bei ya kutupa ikuamshe. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na akuonyeshe kitambulisho chake. Linganisha namba ya chesesi na ya injini na zilizo kwenye kadi, uangalie kama pana alama za kusagwa au rangi mpya mahali hapo tu. Hakikisha TRA kabla ya kulipa, na umiliki uhamishwe mara moja. Ukikutwa na gari la wizi litachukuliwa, na wewe utakuwa na maelezo ya kutoa.

Pikipiki ndiyo inayoibwa nzima, na mara nyingi inaibwa na aliyekabidhiwa. Mtu amekopa kikoba, amenunua Boxer, amempa kijana kwa mkataba, hesabu ya siku ikaja wiki mbili, kisha kimya. Kabla ya kukabidhi, nenda kijiweni kwake umwone mwenyekiti wa kijiwe, kisha nenda anapolala, usiku, bila taarifa. Ukikuta analala kwa rafiki ambaye naye anahama wiki ijayo, umeshajua. Pata wadhamini wawili wenye makazi ya kudumu na barua ya serikali ya mtaa. Weka kifaa cha kufuatilia na swichi ya siri ya kukata umeme, lakini visije kabla ya wadhamini. Kijana mwenyewe naye umlinde. Mwambie abiria wawili wanaotaka kupelekwa gizani saa sita usiku si abiria, na akikabwa aiache pikipiki. Ukimdai chombo kilichochukuliwa kwa kisu, mwingine atakayefuata atapigania hesabu yako hadi afe.

Wizi ukishatokea, piga 112, usiguse vitu, nenda kituoni uchukue RB siku hiyo hiyo. Andika leo, kabla ya lolote, namba za televisheni na kompyuta zako, na ya simu inayotokea ukibonyeza *#06#. Bila hizo, polisi wakikamata mzigo hutaweza kuthibitisha kwamba ni wako. Ukituma pesa kwa tapeli, pigia huduma kwa wateja wa mtandao wako dakika hiyo hiyo, kabla hajazitoa. Namba ya tapeli itume kwa ujumbe kwenda 15040 ya TCRA, na wewe mwenyewe bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukawa "fulani" wa ujumbe wa mtu.

Ukimkamata mwizi, mfunge, mpeleke. Wapo waliochomwa moto kwa sababu tu mtu alipiga kelele "mwizi!" akimwonyesha mdeni wake au mgeni aliyepotea njia. Aliyeuawa hataji alikouza vitu vyako wala aliyemtuma. Na akishafikishwa mahakamani, kazi yako haijaisha. Tarehe zitaahirishwa, nauli itakuuma, watu watakwambia achana nayo. Shahidi asipokuja kesi inafutwa, na mshtakiwa anarudi mtaani kwako akiwa anakujua kwa sura. Ukiitwa kutoa ushahidi, nenda.